Nyasi za Shemeji

Luhende wa Mkuyuni alijifunza kazi ya nyasi bandia akiwa mtu mzima, baada ya kiuno chake kukataa kubeba saruji. Ni kazi ya magoti. Unakwangua udongo, unamwaga kokoto ndogo, unashindilia mpaka ardhi inakuwa ngumu kama sakafu, ndipo unakunjua kapeti la kijani na kuunganisha vipande kwa gundi, vyote vikilalia upande mmoja. Kimoja kikigeuka, jua la asubuhi linakiumbua. Mwanza nzima, waliochimba mabwawa ya kuogelea nyuma ya nyumba zao walimjua, na sifa hiyo aliipenda kuliko alivyoonyesha.

Shemeji yake Chenge, mdogo wa mkewe Sabina, alikuwa mtu wa nyasi za kweli. Alitunza bustani kwa Mama Lukman, mfanyabiashara wa vitenge aliyejenga Buswelu, mahali ambapo mwanzoni palikuwa na mawe na miiba tu. Chenge ndiye aliyesomba udongo mweusi kwa toroli, akaujaza katikati ya majabali, akapanda ukoka shina moja moja na kuumwagilia hadi ukafunika uwanja wote. Alilala katika chumba cha uani. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitafuta.

Wawili hawa walipendana kwa matusi. Kwao, kama kwa wengi wa huku, shemeji ni mtu wa kutaniwa. Chenge alipougua malaria, Luhende alimpelekea dawa huku akimuuliza kama ameshachagua pa kuzikwa. Luhende alipofiwa na mama yake, Chenge alimchekesha hadi makaburini, na Luhende alikiri baadaye kwamba bila kicheko kile asingeweza kutembea. Sabina alikuwa akisema hajawahi kuwasikia wakizungumza neno hata moja la maana.

Bwawa la Mama Lukman lilipokamilika, mvua zilianza kusukumia matope na majani yaliyofyekwa ndani ya maji. Akamwita Luhende.

"Fundi, nishauri. Niweke kapeti kuzunguka bwawa tu, au uwanja wote?"

Luhende aliutazama uwanja. Akaona mahali ambapo kapeti lingekutana na ukoka, kijani kimoja kikikikemea kingine.

"Uwanja wote, Mama. Nusu nusu haitapendeza."

Jumapili iliyofuata Chenge alikuja Mkuyuni kula. Alikuwa ameshasikia. Alinawa, akakaa, hakugusa chakula.

"Shemeji, ile nyasi yako ilaze pale kwenye bwawa tu. Huku kwingine niachie."

"Nikuachie ule? Siku hizi umekuwa ndama?"

"Nasema kweli."

"Wewe? Tangu lini?" Luhende alicheka hadi akakohoa. "Sabina, njoo umsikie mdogo wako, eti anasema kweli!"

Chenge aliinamia sahani yake. Ilikuwa kwa muda mfupi, lakini mtu mwingine yeyote angemwona. Kisha, kwa kuwa kati yao hapakuwa na namna nyingine ya kuzungumza, naye akacheka.

"Haya, mzee wa plastiki. Ikibaki, kamfunike nayo mkeo mvua isimnyeshee, maana bati lako linavuja."

Wakacheka wote watatu, wakala samaki.

Siku ya kazi, Chenge mwenyewe ndiye aliyeshika jembe. Alisema nyasi zake atazing'oa kwa mkono wake. Ukoka ulitoka kwa shida, na mabonge ya udongo mweusi yaking'ang'ania mizizi.

"Kaza, shemeji! Au unaogopa utafukua mahari tuliyokunyima?" Luhende alimpigia kelele.

"Mahari mlimalizia pombe, ninyi!" Chenge akajibu bila kuinua uso.

Alizirundika nyasi kivulini kando ya ukuta, akazinyunyizia maji. Luhende alimwona, na hakujiuliza kwa nini mtu anamwagilia takataka.

Kazi ilitoka vizuri mno. Mama Lukman alitembea juu yake pekupeku akisifu, na mishono haikuonekana hata ukiinama. Mwezi ulipoisha, alimwita Chenge na kumwambia ukweli: hapakuwa tena na cha kumwagilia wala cha kufyeka, na bwawa lilikuwa na mtu wake wa kulisafisha. Hakumfanyia ubaya. Alimshukuru, akampa kitenge cha kumpelekea mama yake. Chenge akafunga mizigo na kwenda kwao Misungwi bila kupitia Mkuyuni.

"Alikuomba," Sabina alimwambia mumewe habari zilipowafikia.

"Alikuwa anatania."

"Alikuomba, Baba Hellen. Hata mimi nilicheka. Lakini si mimi niliyekuwa naombwa."

Luhende aliyabeba maneno hayo majuma kadhaa. Akaenda kwa mteja mmoja wa kando ya ziwa, akamsihi aache kapeti na kumwajiri mtu anayejua ukoka. Mteja alipokubali, akapanda gari la Misungwi, moyo mwepesi kidogo.

Alimkuta Chenge akipalilia mpunga wa mama yake.

"Wewe mwizi!" akamwita kutoka kwenye tuta. "Umeingia shamba la nani?"

Chenge aliweka jembe chini. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaja, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, magoti yakikunjika kidogo.

"Shikamoo, shemeji."

Luhende hakuwahi kuamkiwa naye hivyo. "Marahaba."

"Habari za safari? Dada hajambo? Karibu nyumbani, upumzike."

Akamletea kiti. Akamletea maziwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akangoja amalize ndipo naye aketi. Luhende akatupa utani mwingine, na mwingine. Chenge alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Chenge, mimi nilidhani unatania."

"Ni kweli, shemeji. Ungejuaje."

Hapakuwa na uchungu katika sauti yake. Alipoelezwa ile kazi ya kando ya ziwa alishukuru, akasema atafikiri, na Luhende akajua hatakuja.

Jua lilipopungua, Chenge alimsindikiza hadi barabarani, akimbebea mfuko, akitembea nyuma yake kidogo. Gari lilisimama. Luhende alikaa dirishani, akamtazama, akasubiri tusi hata moja. Chenge alimpa mfuko kwa mikono miwili, akamtakia safari njema.