Jezi za Magunia ya Unga

Nakumbuka Jumapili moja ya enzi za Wabelgiji, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka, kwa sababu juzi nimekuona ukiivua jezi ya mtaa wetu na kuitupa, eti imechakaa. Kaa chini. Mimi niliyesoma shule ya jioni mpaka mwalimu akabaki hana la kunifundisha, leo nitakufundisha bila ubao.

Sisi vijana wa mtaa wa Kamalondo tulikuwa na timu. Jezi alitushonea Baba Saidi, fundi cherehani, mtu mwenye asili ya upande wa Maniema, kwa magunia ya unga wa ngano. Zilikuwa nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho! Lakini udongo wa kwetu unaujua. Msimu mmoja tu wa mvua, sisi kuanguka kwenye tope jekundu na mama zetu kufua, jezi zote zikawa rangi ya waridi.

Siku hiyo tulicheza na timu ya kambi ya mgodi. Wao bwana wao alikuwa amewanunulia jezi mpya, za bluu. Walipotuona wakaangua kicheko ambacho, naapa, kilisikika mpaka Kipushi, mji wa mbali.

"Ee, bamama! Munafika kucheza ao kuolewa?"

Nahodha wetu Kalenga, aliyekuwa akipiga mpira unakwenda kulala Rodezia, akavua jezi akaitupa chini. "Mi hapana kuingia na kilamba ya bibi, nguo ya banamuke!" Wengine wakafuata. Mimi, golikipa, yangu ikanikwama shingoni, sijui nivue ama nivae. Na sheria ya mashindano ilijulikana: timu isiyoingia uwanjani filimbi ikilia inafutwa, haichezi tena. Refa alishafika katikati.

Ndipo Baba Saidi akatokea, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, macho mekundu kuliko udongo wenyewe.

"Okota!" akamfokea Kalenga. "Okota ile kintu! Mama yako anafua mupaka bidole binatoka damu, weye unatupa mu budongo?"

"Baba, banatucheka..."

"Banacheka! Na ule Mwitalia mwashi, mwenye ninashoneaka masuruali yake, utamucheka yeye? Muulize timu ya kwao, Turino. Ilianzishwa na batoto ya masomo, banaikala pa benchi moja, mu barabara. Jezi yao ya kwanza iko rangi gani? Hii! Hii yenye unatupa! Banavaa mupaka sabuni inaimaliza. Kisha banaagiza ingine kwa Baingereza, inafika ya mistari, nyeusi na nyeupe. Banavaa, hapana kulia. Leo Italia yote inabaogopa, ubingwa banakamata mwaka na mwaka. Kama bangevua ile siku, nani angebajua? Weye Kalenga, miguu iko yako, ao iko ya jezi?"

Kalenga akaokota. Hakuipangusa hata vumbi. Tukaingia filimbi ikiwa mdomoni mwa refa.

Usitegemee nikuambie tulishinda. Tulifungwa mpaka wavu ukaomba kupumzika. Lakini hatukufutwa. Jumapili iliyofuata tulikuwepo, na iliyofuata tena, na Baba Saidi kando ya mstari akifoka kama vile bado tumevua. Mwaka tulipowafunga wale wa kambi, Mgiriki mmoja mwenye duka akatuletea kitambaa kipya, tuchague rangi. Kalenga hakumuuliza mtu. "Ya waridi," akasema. Baba Saidi akainamia cherehani yake haraka, kama mtu aliyeingiwa na uzi jichoni.

Sasa wewe! Makombe ya timu ile ya Italia unayataja kama sala, ya mwaka huu na ya kabla hujazaliwa. Umewahi kuuliza walivaa nini kabla ya kombe la kwanza? Halafu unaionea haya nguo aliyoifua dada yako mwenyewe. Hilo ndilo linalonikasirisha, na sitanyamaza.

Nakuambia wazi, mwanangu: rudi ulipoitupa ile jezi, uiokote. Jumapili uivae, uingie, wakicheka wacheke. Ukifungwa, rudi wiki inayofuata. Timu ya mtaa haina mwenyewe mwingine isipokuwa wewe na wenzako.

Mungu akupe miguu myepesi na ngozi nene. Akuache uwanjani mpaka wajukuu zako wakuombe upumzike. Amina. Haya, inuka. Sabuni iko pale dirishani, na safari hii utaifua mwenyewe.