Jino Nililolisubirisha Mpaka Send-off ya Upendo

Mimi aibu yangu naisema mwenyewe, maana hapa Kalenga wameshanicheka mpaka wamechoka, na nikienda mashineni kusaga mahindi bado naona watu wanajishika mashavu.

Upendo ni mjukuu wangu, nilimlea mwenyewe kwa kuuza nyanya na maharage, leo ni mwalimu (mimi niliishia la pili, ila mjukuu wangu anafundisha watoto wa watu hesabu, mjue hilo). Wiki ya send-off yake, ile sherehe ya kumuaga bi harusi kwao, jino langu la nyuma kushoto likaanza kunipiga mpaka sikioni. Akanipeleka Iringa mjini kwa daktari wa meno, binti mdogo tu, akanimulika mdomoni akasema, "Bibi, limeoza mpaka kwenye mzizi, ila bado linaokoleka. Tunasafisha mzizi ndani, tunaziba, unabaki na jino lako. Tuanze leo."

Nikamuuliza, "Nitavimba?"

"Labda kidogo, Bibi. Siku mbili tatu."

Hapo hapo nikakataa. Bibi wa bi harusi nikae mbele ya wakwe kutoka Mbeya na shavu kama nimeficha kiazi? Nikasema nitarudi baada ya shughuli.

"Bibi, anza tu, nakuomba," Upendo akasema.

"Mke mwenzangu," nikamwambia kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "wewe olewa, jino niachie mimi."

Nikameza vidonge, nikabana karafuu, na Jumamosi, siku ya send-off yenyewe, jino likanyamaza kabisa. Basi nikaota pembe. Pale ukumbini, meza kuu, nikamwambia mama mkwe wake, mama mmoja mnene mtaratibu wa Uyole huko huko Mbeya, kwamba madaktari wa siku hizi kazi yao kutisha watu, mbona limepona lenyewe?

Ikaletwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na bi harusi akaanza kutulisha wazee. Emsii akanisogezea kipaza sauti. "Bibi, fungua mdomo, wakwe waone meno ya ukoo!" Nikafungua wote kama pango. Nyama ikatua kushoto, na kifupa ndani yake, nami nikauma kwa nguvu zote ili nionekane.

Jamani. Moto ulitoka kwenye jino ukapita jichoni ukatokea utosini, nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikalia "Yuuuwiii!" kwenye kile kipaza sauti, kile kilio chetu wanawake tunacholia mtu akifa. Na babu yao, mume wangu, alikuwa nyumbani Kalenga mgonjwa, amepooza upande mmoja, na ukumbi mzima ulijua.

Mama Upendo, binti yangu, alikuwa nyuma anapakua wali. Akaja mbio na upawa mkononi, akajitupa chini. "Baba! Baba ametuacha!" Nataka kusema hapana, mdomo haufungi, machozi yananitoka, napunga mkono kukataa, watu wanaukamata, "Jikaze, mama, kazi ya Mungu." Mama mkwe akajifunga kanga kiunoni. Katekista akaanzisha wimbo wa msiba, wakauimba vizuri kweli, kwa sauti zote nne. Wengine wakapiga simu Kalenga, majirani wakabeba kuni na mabenchi mpaka uani kwangu, na babu yao, aliyekuwa anaota jua anakula boga lake, akawauliza, "Nani kafa?"

Nilipoweza kutema na kusema "Jino! Ni jino!" nusu ya ukumbi walishaondoka kwenda msibani. Upendo alikuwa amekaa sakafuni na gauni lake, rangi za uso zimemshuka mpaka shingoni. Akainua macho.

"Jino, Bibi?"

Basi. Akakusanya gauni lake, akaenda kumwinua mama yake.

Wakwe wakapanda gari kurudi Uyole bila kula. Mama mkwe aliniambia, "Pole na jino, mama," mkono hakunipa.

Nikajipa moyo kwamba harusi yenyewe bado, Jumamosi inayofuata huko Mbeya, nitakwenda nitapiga magoti nitengeneze. Lakini uso ulivimba jicho likafunga, homa ikapanda mpaka naongea ovyo. Yule binti daktari aliponifungua mdomo akasema, "Bibi, sasa hakuna mzizi wa kuokoa." Wakang'oa, wakanilaza, wakanitundikia dripu.

Harusi niliiona kwenye simu, wodini, kwa jicho moja. Mama Upendo alinipigia simu ya picha kutoka pale kanisani. Nikamwona mke mwenzangu amesimama mlangoni na shela lake, wanamwita aingie, na yeye anageuka nyuma anaangalia watu, anawaangalia mmoja mmoja, kisha akaingia.

Nililisubirisha jino nisiikose siku yake. Sasa mimi daktari akisema leo, ni leo, hata kama nina wageni, hata kama nina msiba wa kweli, maana jino halijui shughuli ya mtu. Ila Upendo haolewi mara ya pili.