Barua kwa Mama Iliyopata C

Leo nimeikuta karatasi iliyoniliza mwaka 1997, na imeniliza tena.

Nilikuwa chuo Temeke, nasoma uandishi na usanifu kwa kompyuta. Kompyuta moja, wanafunzi watatu!

Kazi ya mwisho ilikuwa barua ya ukurasa mmoja kwa mtu unayemkumbuka sana. Mie nikamwandikia mama, aliyekuwa Songea. Nikaweka maua pembeni na aina saba za herufi. Jamani, nilijua nimeua!

Mwalimu Zuhura akanipa C.

Nikamfuata. "Shikamoo mwalimu. Nimekosea wapi?"

"Marahaba. Maua nimeyaona, mwanangu. Mama yako sijamwona. Kaandike upya, nitasahihisha tena."

Nikasusa. Sikuandika.

Leo nahama nyumba, ndiyo nikaikuta kabatini. Nimeisoma nikimtafuta mama. Hamna! Ni "hatujambo" na "wasalimie wote" tu.

Mama katutoka miaka tisa sasa.

Nimekaa hapa sakafuni, nimeanza kuandika upya. Alivyokuwa akicheka kaziba mdomo kwa khanga, nimeandika. Nilipofika kwenye sauti yake, nikakwama.

Dada Neema, na nyie wadogo zangu, niandikieni hapa chini alivyokuwa akituita tukichelewa kurudi kutoka mtoni.

Mie sauti yake imeanza kunitoka.