Koti lenye Wenyewe Wawili

Mwanapili alikuwa dobi wa Ng'ambo, Mkristo katika mtaa wa Waislamu, na watu walimjua kwa mambo mawili: nguo zake zilinyooka na moyo wake ulitulia. Kanisani padri alishamtaja mara mbili katika mahubiri kuwa mfano wa mtu aliyeridhika, na wanawake wenzake wakamwonea wivu kidogo. Hawakujua kwamba utulivu ule ulikuwa kazi, tena ngumu kuliko kufua.

Mumewe, Msabah, alitoka kwenda misa Jumapili moja ya Januari, mwaka 1964, amevaa koti lake jeusi, na hakurudi. Siku ile mjini bunduki zililia, na baada ya hapo hakupatikana wa kumwambia lolote. Hapakuwa na maiti, basi Mwanapili hakuweka matanga. Alijiwekea sharti tu: mawazo yake hayatakwenda yanakotaka. Kila nguo aliyoipiga pasi alimwombea mwenye nguo, kuanzia ukosi hadi pindo, na swali la nani kamfanya nini Msabah likibisha hodi, alilirudisha nje, akanyunyiza maji na kuendelea. Miaka saba alifanya hivyo. Mchele ulipoadimika alishukuru kwa muhogo. Biasha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimwambia siku moja kwamba mtu hawezi kuwa hivyo bila kuwa anaumwa mahali, naye akacheka.

Alhamisi moja ya mwaka 1971, alasiri, mteja wake wa siku nyingi, Jecha seremala, alimletea koti. Binti yake, Time, alikuwa anaolewa kesho yake, na koti lenyewe lilikuwa limelala sandukuni muda mrefu. Mwanapili aligeuza ukosi ili atie alama, kwa kuwa kila mteja wake alikuwa na rangi zake za uzi. Akakuta alama ipo tayari: nyuzi tatu nyekundu na moja nyeupe. Aliishona mwenyewe, siku Msabah alipomtania kwamba na yeye ni mteja, mbona hana alama.

"Bwana Jecha, koti hili umelipata wapi?"

"Nlinunua mnadani, Mlandege. Mwaka ule ule wa Mapinduzi." Akakunja uso. "Kwani lina nini, Bi Mwanapili?"

Alimjibu kwamba halina kitu, aje kesho asubuhi.

Huenda Jecha alisema kweli. Minada ya mwaka ule iliuza kila kitu na hakuna aliyeuliza kimetoka wapi. Huenda pia alidanganya. Huyu ndiye aliyemtengenezea mlango bure mvua ilipouharibu, na jina lake Mwanapili alikuwa amelitaja mbele ya Mungu kila wiki, miaka yote ile. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akatia makaa kwenye pasi, akaanza sala kama kawaida. Amwombee mwenye koti. Mwenye koti yupi? Mdomo ukagoma. Aliiweka pasi mgongoni mwa koti, akaiacha pale, na kwa mara ya kwanza akayaachia mawazo yaende. Yakamwona Jecha akimwinamia mtu aliyelala barabarani. Yakamwona Time akiozwa na baba aliyevaa nguo ya maiti. Tusimpambe: aliyafurahia, tena sana. Harufu ya sufu inayoungua ndiyo iliyomzindua.

Pakabaki doa la kahawia, mahali hasa ambapo mkono wake ulizoea kukaa alipokuwa akitoka kanisani na Msabah. Akaangua kilio. Biasha alikuja mbio, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Kuna nini, mwenzangu?"

"Nimefiwa," alisema Mwanapili. "Msabah amekufa."

Biasha hakumwambia kwamba habari hiyo ina miaka saba. Alitandika mkeka, akajitanda kanga yake, akakaa kama wakaavyo watu matangani.

Walikaa hadi jua likapungua. Kisha Mwanapili akamwomba apepee makaa. Alilipiga koti upya kuanzia ukosi, akamwombea Msabah apumzike, ombi ambalo hakuwahi kuliomba. Likabaki jina la pili, la Jecha. Pasi ilipoa, wakaiwasha tena, ndipo akalisema. Lilitoka vibaya, na moyo haukutulia.

Asubuhi alimwomba Jecha radhi kwa doa, kisha akamwonyesha zile nyuzi nne na kumwambia zilikuwa za nani. Jecha alizitazama. Akaondoka bila koti, na Time akaozwa na baba mwenye kanzu tupu. Kama alikuwa na hatia au alikuwa na haya tu, Mwanapili hakujua, na hakutarajia kujua.

Jumatatu Jecha alileta mashati yake kama kawaida. Mwanapili aliyapokea, akatia makaa, akaanza na ukosi.