Ukuta wa Bwana Gumba

Shangazi yangu kwa usafi hana mpinzani. Tulikuwa tunamtania kwamba mbu akitaka kuingia kwake lazima afute miguu kwanza. Mumewe alikuwa mfyatua matofali, na kabla tofali halijakauka alilibonyeza usoni kwa kidole gumba, ndiyo maana watu wakamwita Bwana Gumba. Nyumba yao aliijenga kwa matofali yake mwenyewe, na ukuta wa sebuleni akakataa usipigwe plasta. Ukisimama mbele yake unaviona vishimo vya gumba lake kuanzia sakafuni mpaka darini.

Alipofariki, tulitafuta picha yake hatukupata hata moja. Yule mzee akiona kamera, anakimbilia chooni! Basi shangazi akabaki na ukuta. Kila asubuhi anaupangusa kwa kitambaa kibichi, anausalimia, anausengenyea majirani. Siku moja akaona vumbi jekundu linadondoka, akaogopa vile vishimo vitalika. Akanunua vanishi, akaupaka ukuta mzima ukang'aa. Alifurahi, jamani! Akatuita wote tuje tuone.

Mvua zilipokuja, ukuta ukaanza kubabuka. Uso wa tofali unabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, na nyuma yake kuna unga mweupe. Yeye akazidisha vanishi. Ukimwambia aache, anakujibu, "Nyie mnajua nini?" Sikio la kufa halisikii dawa, nikachoka kusema.

Mwishowe nikamleta fundi mwashi, rafiki wa marehemu tangu ujana. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akaonja ule unga kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi hii," akasema. "Shemeji, nani kapaka vanishi?"

"Mimi. Nilikuwa naulinda."

"Loo, shemeji!"

Akavuta kiti, akamweleza polepole kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia msingi, yakibeba chumvi. Tofali likiwa wazi, maji hufika usoni yakakauka, na chumvi unaipiga ufagio tu. Ukiuziba uso, maji yanakosa pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya ngozi ya tofali, inakua, inaisukuma mpaka inadondoka.

"Na kile kitambaa kibichi, shemeji, ulikuwa unaunywesha tu."

"Basi ikwangue hiyo vanishi."

"Imeshikana na uso. Nikiikwangua, vishimo vinatoka nayo."

"Na nikiiacha?"

"Vitatoka vyenyewe."

Hasira zikanipanda. Nikamfokea, fundi gani huyu asiye na dawa hata moja!  Machozi yalikuwa yanamlengalenga yule fundi, maskini, nikaona aibu.

Shangazi akausogelea ukuta. Akaingiza gumba lake kwenye kishimo kimoja, taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyelala. Uso wa tofali ukamdondokea kiganjani. Akaufumbata asiupoteze, na alipofumbua kiganja, ulikuwa vumbi.

"Yeye alichukuliwa na Mungu," akasema. "Alama zake nimezifuta mimi."