Kutoka Kwenye Msaada Hadi Kwenye Kazi, na Kurudi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye karakana ya Kitui mjini nimevaa viatu vya visigino, na Msimamizi wa Karakana akanituma nikavibadilishe kabla hata hatujasalimiana vizuri. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa aproni ya ngozi. Sakafu ilijaa vumbi la mbao na vipande vya ngozi ya viatu. Waliokuwa wakifanya kazi pale, wengine kwa magongo na wengine kwenye viti vya magurudumu, hawakuinua vichwa kunitazama. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha utengamao wa kikazi, yaani kazi ya kumsaidia mtu aliyepata ulemavu apate kazi, au airudie ile aliyokuwa nayo.

Niliporudi nimevaa ndara, Msimamizi aliniketisha kwenye benchi la seremala.

"Ndinda, mtu akiingia hapa usimuulize ana ugonjwa gani," aliniambia. "Hospitali imeshamuuliza. Muulize jana alifanya nini, tangu alipoamka mpaka alipolala."

"Na akisema hakufanya kitu?"

"Hakuna mtu hafanyi kitu. Ngoja tu. Atakuambia."

Chuoni tulifundishwa kitu hicho kwa jina refu zaidi, tathmini ya uwezo wa kazi. Unapima nguvu za mikono, unapima mtu anaweza kukaa kwa muda gani, unaangalia macho na masikio. Yote hayo ni ya lazima na niliyafanya mpaka nilipostaafu. Lakini swali la Msimamizi ndilo lililokuwa likinifungulia mazungumzo, kwa sababu mtu akikueleza siku yake utasikia mwenyewe mahali inapokwama.

Karakana yetu ilikuwa na fani tatu: useremala, ushonaji wa nguo na utengenezaji wa viatu. Aliyekuja alichagua moja katika hizo tatu, akakaa nasi mpaka akafuzu, akapewa vifaa na kurudi kwao. Tulijivunia sana siku za kufuzu. Kilichotokea baada ya hapo hatukukijua, kwa sababu hatukuwa na gari la kuwafuata.

Nilikuja kukijua nilipohamishiwa upande wa Mwingi, nikapewa eneo la Nuu. Huko nilimkuta Mzee Kimanzi, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekatwa mguu chini ya goti. Karakana yetu ilikuwa imemfundisha kutengeneza viatu vya ngozi. Sanduku lake la vifaa lilikuwa chini ya kitanda, nyundo bado imezungushiwa karatasi. Nilimuuliza kwa nini hafanyi kazi.

"Madam, angalia miguu ya watu hapa," alisema. "Wanavaa akala za matairi. Nani atanunua kiatu cha ngozi?"

Alichotaka ni kurudi mnadani kuuza mbuzi. Mguu wa bandia alikuwa nao, ila njia ya kwenda mnadani ilivuka mto mkavu, na mguu ule ulizama kwenye mchanga. Nilimpeleka kwa fundi wa viungo bandia, na fundi akamtengenezea wayo mpana wa mpira wa kufunga chini ya mguu anapofika mtoni. Ulionekana kama mwiko wa kusongea ugali. Mzee Kimanzi alirudi mnadani, na sanduku la vifaa akamwachia mpwa wake. Tangu siku hiyo niliacha kuanza na fani tulizokuwa nazo. Nilianza na kazi ambayo mtu aliijua, pale pale alipoishi.

Miaka ilikwenda, serikali za kaunti zikaanza, nami nikahamishiwa Wote, Makueni. Huko ndiko nilikofanya kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote.

Wakati ule kulikuwa na watu waliopokea pesa za msaada kwa sababu ulemavu wao ulikuwa mkali. Pesa hizo zilitolewa kwa mikono ya mlezi, mtu wa nyumbani aliyemtunza mhusika. Zilisaidia kweli, sitaki kijana yeyote anayesoma hapa adharau jambo hilo. Lakini ofisi yetu ya utengamao haikuwahudumia watu hao kabisa. Ilidhaniwa kwamba mtu akishaingizwa kwenye msaada, habari ya kazi imekwisha. Nilimwendea Mkurugenzi wetu wa kaunti, mtu mpole aliyependa kusikiliza akiwa amefumba macho.

"Wale si wateja wetu, Ndinda," alisema. "Wameshasaidiwa."

"Wamesaidiwa kula, bwana Mkurugenzi. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kazi."

Akasema nichague watu wachache nijaribu, naye atazungumza na ofisi ya ustawi wa jamii ili msaada wao usiguswe wakati wa majaribio. "Baada ya majaribio sijui," aliongeza. "Sitakudanganya."

Wa kwanza alikuwa Wayua, mwanamke wa vijijini nje ya Mtito Andei. Zamani alikuwa akipika chapati katika hoteli moja karibu na mahali malori yanapolala. Pikipiki aliyopanda iligongwa, uti wa mgongo ukaumia, na kutoka kiunoni kwenda chini hakuwa na hisia wala nguvu. Aliishi kwa kaka yake, Musembi, ambaye ndiye aliyekuwa mlezi wake.

Nilimuuliza lile swali la jana.

"Jana nilikaa," Wayua alisema.

Nikangoja.

"Nilichambua ndengu za wifi yangu. Nikakanda unga wa chapati, yeye akachoma." Akatazama mlangoni kuona kama wifi yuko karibu. "Anaziunguza."

Musembi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Aliniomba tutoke nje, tukasimama karibu na tangi la maji.

"Madam, huyu dada yangu nimembeba mgongoni mpaka barabarani siku hakuna gari," aliniambia. "Wewe ulikuwa wapi? Sasa mnataka afanye kazi mwezi mmoja, atolewe kwa msaada, halafu aanguke. Nyinyi mtarudi ofisi. Mimi nitabaki na yeye."

Nilimwambia ukweli, kwamba sikuwa na jibu kamili, nilikuwa na ahadi ya muda wa majaribio tu. Hakufurahi. Lakini Wayua alikuwa ametusikia kupitia dirishani, naye akasema kwa sauti, "Musembi, wacha nijaribu." Kaka yake alikubali kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Mwenye hoteli aliitwa Mama Halima. Familia yake ilitoka upande wa Garissa na ilikuwa imefanya biashara Mtito Andei miaka mingi. Alimkumbuka Wayua vizuri.

"Madereva wanamuuliza mpaka leo," alisema. "Lakini mimi sina hospitali hapa. Akiumia nitafanya nini?"

Tulianza kurekebisha mahali pa kazi. Ngazi ya mlango wa nyuma ilijazwa saruji ikawa mteremko wa kupitisha kiti. Meza ya kukandia ilipunguzwa miguu. Jiko lilitusumbua zaidi. Mtu wa kawaida angeliweka mbele ya Wayua ili asijinyooshe, lakini mapaja yasiyo na hisia yanaweza kuungua mpaka ngozi itoke na mwenyewe asijue. Kwa hiyo fundi alilijenga upande wa kulia, na kati ya moto na kiti akainua ukuta mfupi wa matofali. Wayua alijaribu, akasema mkono unafika. Asubuhi iliyofuata madereva walikula chapati zake, na mmoja alikuja mpaka jikoni kumsalimia, akaagiza nyingine.

Hatari ya pili nilikuwa nimemweleza Wayua zaidi ya mara moja. Mtu asiye na hisia akikaa muda mrefu bila kujiinua, damu haifiki kwenye ngozi aliyoikalia, na ngozi huanza kufa. Tunaita hali hiyo vidonda vya mgandamizo. Nilimpa mto maalumu wa kukalia, nikamfundisha kujisukuma juu kwa mikono yote miwili mara kwa mara. Nyumbani alifanya. Hotelini hakufanya.

Alipata kidonda, na kilipogunduliwa kilikuwa kimeshachimba ndani. Alilazwa hospitalini wiki nyingi, amelala kifudifudi. Nilipokwenda kumwona niliinama ili nimwone uso.

"Kwa nini hukujiinua, Wayua?"

"Watu wanangoja chapati, mimi nijiinue juu ya kiti kama nataka kuruka? Niliona haya."

Nilikuwa na huzuni, na hofu pia, kwa kuwa vidonda vile huua watu.

Musembi alikuja ofisini Wote. Nilitarajia ukali. Alikaa, akaweka kofia magotini, akasema, "Nilikuambia," basi. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenigombeza. Mkurugenzi naye aliniita siku hiyo hiyo.

"Ndinda, tufunge jambo hili kabla mtu hajafa," alisema.

Nilimwomba asubiri Wayua apone tumuulize mwenyewe. Alipopona tulimuuliza. Alisema atarudi, ila si kutwa nzima. Mama Halima alikuwa amefikia uamuzi huohuo bila sisi. "Aje asubuhi tu," alisema. "Na mimi nitakuwa ninamwambia ainuke. Kila sinia ikijaa, anainuka. Mteja asiyetaka kungoja aende kwingine." Alifanya hivyo hasa. Nimekaa kwenye hoteli ile nikamsikia akiita, "Wayua, inuka," kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza chai. Baada ya muda hakuna aliyegeuka kutazama, wala Wayua mwenyewe hakuona haya tena.

Majaribio yakaisha, kazi ikaendelea vizuri, na likaja lile ambalo Musembi aliliogopa. Ofisi ya ustawi wa jamii ilisema Wayua sasa ana mshahara, msaada usimame. Mkurugenzi aliitisha mkutano wa ofisi mbili, na mimi nikaomba Wayua aje. Musembi ndiye aliyemleta.

Afisa wa Ustawi wa Jamii, mama mmoja aliyezungumza kwa haraka, alieleza kwamba kuna watu wengi wanaosubiri nafasi, nao wana shida pia. Alikuwa sahihi. Kisha akamuuliza Wayua kama ana la kusema.

"Sikatai kutoka," Wayua alisema. "Mwenye anangoja apewe. Lakini mimi nimeona kidonda. Nikianguka tena, nitaanza kwa laini nyuma ya watu wote? Kama ni hivyo, mwambieni mtu mwingine yeyote mnayemtafutia kazi akatae. Mimi ningemwambia akatae."

Musembi aliinua mkono kama yuko shuleni. "Mimi nilimwambia akatae," alisema. "Akafanya kazi hata hivyo. Sasa msimfanye mjinga."

Mkurugenzi alifumbua macho, akamgeukia yule mama. "Tunaweza kukubaliana kwamba aliyetoka kwa sababu ya kazi, na kazi ikamshinda kwa sababu ya afya, anarudishwa bila kuanza upya?" Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana, kwa wale waliopitia ofisi yetu tu. Hiyo haikuwa sheria ya nchi. Yalikuwa makubaliano ya ofisi mbili za Makueni, na kila alipobadilishwa afisa ilibidi niende kumweleza upya.

Makubaliano hayo ndiyo yaliyotuletea watu. Kabla yake nilizunguka kuwabembeleza wanaopokea msaada wafanyiwe tathmini, na walezi wakanifungia malango. Baada yake walikuja wenyewe, kutoka Sultan Hamud mpaka vijiji vya ndani, tukalazimika kuomba maafisa zaidi. Wengi walipata kazi ndogo za nusu siku. Wengine walijaribu wakashindwa, wakarudi kwenye msaada, na hakuna aliyekufa njaa kwa sababu ya kujaribu.

Wayua mwenyewe aliugua tena, mara hii figo. Aliacha kazi, akarudishwa kwenye msaada, akapona, akarudi jikoni. Mkaguzi mmoja kutoka Nairobi alisema huyo ahesabiwe kuwa ameshindwa. Mkurugenzi wangu, ambaye kwa kawaida hakubishana na wakubwa, alimwambia, "Bwana, leo asubuhi amepika. Hesabu hivyo."

Nimestaafu sasa, ninaishi kwetu Kitui, na viatu vya visigino sivai tena kwa sababu nyingine, magoti. Vijana wa kazi hii hunipigia simu, wengi wakiuliza namna ya kumshawishi mtu aache msaada. Huwajibu kwamba wasimshawishi. Wakae na ofisi inayotoa msaada kwanza, wahakikishe anaweza kurudi, na jambo hilo alisikie kutoka kwa ofisi hiyo yenyewe. Ulemavu haukai mahali pamoja. Kuna mwaka mzuri na kuna mwaka mbaya, na huduma isiyojua hivyo itawaogopesha watu wakae walipo.

Juzi Musembi alinipigia. Alisema kuna jirani ana binti aliyeumia mgongo, na nyumba nzima inaogopa habari ya kazi, wanasema watapokonywa msaada. Nilimkumbusha kwamba nimestaafu.

"Najua, Madam," alisema. "Mimi nimeshawaelezea, na jana nimewapeleka ofisini Wote. Nilikuwa nakuambia tu."