Mzambarau wa Bondeni Haukupandwa na Mtu

Shule niliishia darasa la nne, lakini siku nilizotoroka sikuzipoteza bure, nilikuwa juu ya mizambarau. Mwenye akili haachi kitu. Leo nina nyumba ya kwangu mjini Songea, nina mashine ya kukoboa mahindi, na nina bonde kule Maposeni, ambalo nusura jirani alichukue kwa sababu ya mti mmoja.

Bonde lile nililinunua likiwa matete matupu. Kabichi zangu zilipostawi, jirani akakumbuka jambo. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akadai mzambarau uliosimama kwenye maji ulipandwa na marehemu babu yake. Na kwetu, aliyepanda mti ndiye mwenye ardhi. Ningekosa jibu, bonde na kabichi zake vingekwenda.

Tukakutana pale bondeni sisi watatu. Mimi nilikuwa nimeshapita nyumbani kwa jirani, ambako upo mzambarau ambao kweli babu yake aliupanda, nikaomba tawi. Nikakata na la bondeni.

"Shikamoo mama. Tazama hili la nyumbani. Jani lina kikonyo, linaning'inia. La bondeni je? Kikonyo hakuna. Chini lina umbo la moyo, limekumbatia kijiti. Majani yanakaa mawili mawili, yanatazamana. Hebu shika kijiti chenyewe."

Mama akakizungusha vidoleni. "Kina pembe."

"Nne. Cha nyumbani ni mviringo. Huu ni mzambarau pori, unajiotea penye maji. Toka hapa mpaka Namtumbo umejaa mabondeni. Babu alizunguka kote huko na jembe?"

Jirani akakohoa. "Labda vikonyo vimeozea majini."

Mama mwenyekiti alicheka mpaka akashika kiuno. Alipotulia akasema, "Mti umejiotea. Bonde ni la aliyelinunua. Tumemaliza."

Mtu mwingine angetafuta wakili. Mimi nilitafuta matawi mawili.

Jirani hakununa. Alichukua kabichi niliyompa, akaiweka kwapani, akakitazama kisu mkononi mwangu.

"Ila kwangu usifike tena na hicho, ndugu yangu. Nina mparachichi nimeupanda kwa mkono wangu. Ukiukagua wewe, jioni tutaambiwa nao ulijiotea."